Unasikia Hapa?

Siku niliyoanguka nilikuwa nimekaa juu ya magunia ya omena, dagaa wa ziwani, nyuma ya pikap, na mume wangu ndiye aliyekuwa akiendesha. Kwa kawaida mimi hukaa mbele. Lakini siku hiyo, tulipokuwa tunatoka Osieko kununua samaki, mzee mmoja wa kanisa letu alitusimamisha akaomba lifti hadi Funyula. Alikuwa amevaa suti, na sikuona vizuri mtu wa umri wake apande juu ya samaki. Nikashuka, nikampisha, nikapanda nyuma mwenyewe. Nilikuwa nimesafiri hivyo mara nyingi.

Tulipokuwa tumeshapita Namboboto, ng'ombe aliingia barabarani. Mume wangu akakanyaga breki. Magunia yakasogea, nami nikaenda pamoja nayo.

Sikumbuki kugonga chini. Nakumbuka nimelala chali kando ya barabara, jua usoni, omena zimemwagika kila mahali, na nilipoinua kichwa nikaona miguu yangu. Ilikuwa imelala upande ambao sikuiweka. Kiatu kimoja hakikuwepo. Nilikifikiria kile kiatu kwa muda mrefu, kana kwamba ndicho kilichokuwa shida yetu.

"Simama basi, mama," mume wangu aliniambia. Alikuwa amepiga magoti karibu nami.

"Siwezi."

"Jaribu tu."

"Ninajaribu."

Watu wakaja kutoka shambani. Walinibeba jinsi watu wanavyobeba mtu: wengine mikono, wengine miguu, kiuno kikining'inia katikati. Wakanirudisha juu ya magunia yaleyale. Mzee wa kanisa hakurudi mbele. Alipanda nyuma na suti yake, akanishika kichwa mapajani mwake mpaka hospitali.

Baadaye sana, daktari mmoja aliuliza nilibebwaje siku ile. Mume wangu akasema, "Mimi nilishika mikono." Daktari hakuuliza tena.

Nililazwa miezi mitatu. Mfupa wa mgongo ulikuwa umevunjika, na ile kamba ya mishipa inayopita ndani yake, uti wa mgongo, ilikuwa imebanwa vibaya. Wakanifanyia upasuaji, wakaweka vyuma. Kutoka chini ya kitovu sikuwa na kitu. Watu hufikiri ni kama mguu uliokufa ganzi baada ya kuukalia, lakini ganzi ya aina hiyo bado unaisikia, unajua mguu upo. Yangu haikuwa hivyo. Nikifunga macho, mwili wangu ulikuwa unaishia tumboni, kama nguo iliyokatwa.

Nilitarajia kulia. Wauguzi pia walitarajia, kwa sababu mmoja alikuwa akija kila jioni kabla ya kwenda nyumbani, anakaa kwenye ukingo wa kitanda na kuningoja. Sikuweza kumsaidia. Binti zangu wawili waliletwa kuniona, wamesukwa nywele vizuri, nami nikawauliza habari za shule, wakajibu, nikawatazama wakitoka. Nikasema moyoni: hao ni watoto wangu. Hakuna kilichosogea.

Tulikubaliana wakae kwa mama yangu, karibu na Malaba. Mimi na mume wangu tukarudi kwenye vyumba vyetu viwili nyuma ya soko la Busia.

Mume wangu hakushika usukani tena. Hakutangaza jambo hilo. Pikap ilirudishwa kwa mwenyewe, na Jumatatu iliyofuata akaenda sokoni, akakaa kwenye meza yangu, akaanza kuuza omena. Wauza omena wote pale ni wanawake. Walimcheka mwanzoni, jinsi alivyokuwa akijaza gorogoro, lile kopo la kupimia, polepole na kusawazisha juu kwa kiganja kama mtu anayepiga plasta. Baadaye wakamzoea. Aliamka mapema kuniosha, kubadilisha mpira wa mkojo, kunigeuza ubavu ili nisipate vidonda vya kulalia, kisha anaenda sokoni, saa sita anarudi kunigeuza tena. Alifanya yote hayo vizuri. Hakuwa mtu wa maneno mengi hata zamani, na sasa aliongea kwa mikono tu.

Ni redio iliyomwambia kuhusu seli shina. Alikuwa ameiweka sokoni chini ya meza. Siku moja alikuja saa nne asubuhi, wakati ambao hakuwa akija kamwe, harufu ya samaki imemjaa, akasimama mlangoni.

"Wanatibu uti wa mgongo," alisema. "Nimesikia kwa masikio yangu. Kuna hospitali wanafanya."

"Wapi?"

"Mbali. Lakini ni hapa hapa nchini."

Haikuwa tiba hasa. Ulikuwa utafiti, na walikuwa wanatafuta watu walioumia kwa muda usiozidi mwaka mmoja. Mimi nilikuwa na miezi minane. Mume wangu alikwenda hospitali nilikolazwa, akaketi nje ya ofisi mpaka akapewa barua, na wiki chache baadaye tukasafirishwa siku nzima kwa gari la wagonjwa, mimi nimefungwa kwa mikanda, yeye ameketi kando yangu akitazama kila gari linalokuja mbele yetu. Mguu wake wa kulia ulikuwa ukikanyaga sakafu kila dereva alipochelewa kufunga breki.

Daktari wa utafiti alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye sauti ya chini. Alivuta kiti akakaa ili macho yake yawe sawa na yangu.

"Mama, kwenye uboho wa mifupa yako kuna seli ambazo bado hazijaamua zitakuwa nini," alisema. "Nyingine zinaweza kuwa mfupa, nyingine mafuta. Tunazitoa kwenye nyonga yako, tunazilea maabara mpaka ziwe nyingi, kisha tunazirudisha mgongoni kwa sindano. Tunafikiri zinaweza kusaidia mishipa iliyoumia. Tunafikiri. Hatujui. Ndiyo maana tunauita utafiti."

"Atatembea?" mume wangu aliuliza.

"Mzee, hilo siwezi kukuahidi. Hata kusikia siwezi kuahidi. Kazi yetu kwanza ni kuona kama ni salama."

"Lakini inawezekana."

"Sijasema haiwezekani."

Nilimwona mume wangu akiliokota hilo neno na kuliweka mahali. Mimi nilitia sahihi. Nikiulizwa leo kama nilikuwa na tumaini, sijui nijibu nini. Nilitia sahihi kwa sababu kalamu ilikuwa mkononi na watu wawili walikuwa wakinitazama.

Kabla ya yote wakanipima. Nilifumba macho, na daktari akanigusa kwa pini, mara ncha kali, mara upande butu, kuanzia shingoni kushuka.

"Unasikia hapa?"

"Ndiyo. Kali."

"Hapa?"

"Ndiyo. Butu."

"Hapa?"

Sikujua kama ameuliza baada ya kugusa au kabla. "Umegusa?"

"Nimegusa."

Akachukua kalamu akachora mstari tumboni mwangu, chini kidogo ya kitovu, kutoka upande hadi upande. Mume wangu alisogea kuutazama. Huo mstari haukutoka kwa siku tatu, hata kwa sabuni.

Walinitoa uboho nyongani. Hawakuhitaji kunipa dawa nyingi ya ganzi, daktari alisema, lakini alinipa tu. Nilisikia mwili wa juu ukisukumwa. Baada ya wiki kadhaa tukarudi, wakanilaza ubavu na kunidunga mgongoni. Ilichukua muda mfupi kuliko kusukwa. Nilipewa chai na mkate, nikalala siku mbili wakiniangalia homa, tukarudi Busia.

"Mrudi baada ya miezi mitatu," daktari alituambia. "Na nyumbani msimpime. Mwacheni apumzike."

Asubuhi ya tatu nyumbani, mume wangu alileta kijiti cha ufagio wa chelewa.

"Fumba macho," aliniambia.

"Daktari amekataza."

"Kidogo tu."

Alinifunga kitambaa changu cha kichwa machoni. Akaanza kwenye kidole gumba cha mguu, hivyo ndivyo alivyoniambia, akapanda polepole. "Unasikia hapa?" Hapana. "Hapa?" Hapana. Alipofika kwenye kitovu nikasema ndiyo, akasema, "Hapo ni pa zamani." Akafungua kitambaa, akakikunja vizuri, akaenda sokoni.

Ikawa kila siku baada ya kuniosha. Kijiti kikaonekana hakina nguvu, akakiacha, akachukua sindano ya kushonea magunia, ile ndefu iliyopinda kichwani. Alikuwa mwangalifu. Aliipitisha kwenye moto wa jiko kwanza. Mimi nilikuwa nikilala pale gizani chini ya kitambaa nikisikiliza soko likiamka, na kujibu hapana, hapana, hapana. Haikuniudhi. Haikunihuzunisha pia. Ilikuwa kama kuulizwa jina la mtu usiyemjua.

Lakini katika lile giza kuna kitu nilianza kukitambua. Kila mara kabla ya kudunga, mume wangu alikuwa akivuta pumzi, kidogo sana, puani. Akishadunga, anaitoa. Baada ya wiki chache nilikuwa najua kila mara alipodunga, si kwa ngozi bali kwa masikio.

Siku niliyosema ndiyo ilikuwa siku ya mvua. Alikuwa ameniosha huku akikohoa. Alikuwa amekonda, mifupa ya mikono imetokeza, na nilipoinua macho kabla hajanifunga kitambaa niliona amevaa shati ndani nje na hakuna mtu aliyemwambia. Akadunga, akauliza kwa ile sauti ambayo haikuwa na swali tena ndani yake.

"Unasikia hapa?"

Nilisikia pumzi yake.

"Nasikia," nikasema.

Akavuta pumzi tena. "Na hapa?"

"Nasikia."

Kitanda kikaanza kutikisika. Nilikisikia mabegani. Alikuwa ameketi kwenye ukingo, karibu na magoti yangu, na alikuwa akilia, mtu ambaye hakulia barabarani, wala hospitalini, wala walipomwambia sitatembea. Nilibaki na kitambaa machoni. Nilingoja kuona kama na mimi nitalia, kwa kuwa sasa nilikuwa nimefanya jambo la kunifanya nilie. Baada ya muda nikamwambia maji yake ya kuoga yanapoa.

Nilidhani nimemaliza jambo. Nilidhani ataridhika, ataweka sindano kando. Badala yake alinidunga zaidi. Sasa alikuwa na matumaini ya kufuata, na kila asubuhi alitaka tushuke chini zaidi: paja, goti, muundi. Nami nilijifunza kujibu kwa akili. Nilikuwa nikimpa hatua ndogo, siku moja ndiyo mbili, siku nyingine hapana zote, ili isionekane ajabu.

Akawaambia watu. Sokoni wanawake walikuja kunishika mikono. Mchungaji akatangaza, na Jumapili moja wakanibeba na kiti changu hadi kanisani kwa ibada ya shukrani. Yule mzee aliyekuwa amekaa mbele siku ile akasimama kutoa ushuhuda. Hakuvaa suti. Alisema tangu siku ile hakuwa amekula samaki, kila akiwatia mdomoni wanamkwama. Akasema, "Leo nitakula." Watu wakapiga makofi. Akaja akaniinamia, akanishika kichwa kwa mikono miwili, jinsi alivyonishika ndani ya pikap, akasema, "Asante, binti yangu."

"Asante, mzee," nikasema. Hata hapo sikusikia kitu. Nakumbuka tu kwamba kiti kilikuwa hakijafungwa breki na niliogopa kurudi nyuma.

Mama yangu alipopata habari hizo kwa simu alikuja kutoka Malaba kwa siku chache. Kwetu Waiteso mama huitwa toto, jambo ambalo liliwachekesha sana wauguzi hospitalini, mwanamke mzima kumwita mzee wake toto. Alimwambia mume wangu aende zake sokoni, leo ataniosha yeye.

Akajaza maji kwenye karai, akanivua nguo, akainama kutazama. Sikuwa nimeiona miguu yangu kwa makini kwa muda mrefu. Nikajiinua kwa viwiko, nikatazama. Kuanzia kwenye nyonga hadi miguuni ilikuwa imejaa vidoti, vingine vimekauka, vingine vyekundu. Pajani kimoja kilikuwa kimevimba, kina usaha.

"Nini hii?" aliuliza kwa Kiteso.

"Ananipima, toto."

Alichovya kitambaa kwenye maji, akakikamua juu ya goti langu. Mvuke ulikuwa ukipanda.

"Unayasikia haya maji?"

Angekuwa mtu mwingine ningesema ndiyo.

"Hapana," nikasema.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akaniosha kidonda, akakifunga. Alifanya kazi bila kuniangalia usoni. Alipomaliza akasema, "Mwambie. Huyu mwanamume anajenga nyumba mahali hakuna kiwanja."

"Nitamwambia."

"Lini?"

Kabla ya kurudi Malaba aliichukua ile sindano ya magunia akaondoka nayo ndani ya kikapu chake. Mume wangu alinunua nyingine.

Sikumwambia. Tulikwenda kwenye uchunguzi wa miezi mitatu, siku nzima barabarani, na safari hii aliongea njia nzima. Alimwambia dereva kuhusu seli ambazo hazijaamua zitakuwa nini, akieleza vizuri kuliko daktari. Tulipoingia ofisini hakungoja kuulizwa.

"Amesikia, daktari. Mpaka hapa." Akagusa goti lake mwenyewe.

Daktari alinitazama. Nadhani alijua papo hapo, kwa kuwa aliniuliza mimi na si yeye: "Ni kweli, mama?"

"Tupime tu," nikasema.

Nikafumba macho. Mikono yake ilikuwa na glavu, na pumzi zake hazikusema kitu. Alianza shingoni. Kali, butu, kali. Kisha kikaja kimya. Nilijua tumefika. Nilisubiri pumzi, na pumzi haikuja, na nikakaa pale bila kujua kama ananigusa au hanigusi.

"Mama?"

"Sijui."

"Hapa?"

"Hapana. Sisikii."

Niliposikia kalamu tumboni nikafumbua macho. Mstari ulikuwa palepale.

"Lakini nyumbani anasikia," mume wangu alisema. "Mama, si nyumbani unasikia? Mwambie."

"Nilikuwa nasikia pumzi yako," nikamwambia. "Unavuta pumzi kabla ya kudunga."

Daktari akaweka kalamu chini. Akanifunika shuka. Aliona vidoti, akamwita muuguzi akanipaka dawa. Mume wangu alisimama akatoka nje, na nikamwona kupitia dirishani amesimama uani karibu na kamba za nguo za hospitali, mikono mifukoni.

"Hili si kosa lako," daktari aliniambia. "Wala lake. Sisi tunaandika tulichokipata. Huenda mwili bado. Huenda basi."

"Ndiyo, daktari."

"Unajisikiaje?"

Nikamwambia niko sawa, na akaandika hilo pia.

Tulikuwa karibu kufika nyumbani, tumepita njia ya kwenda Butula, mume wangu alipouliza, bila kugeuka.

"Tangu lini?"

"Tangu ile ya kwanza."

"Zote?"

"Zote."

Dereva aliongeza sauti ya redio kidogo. Alikuwa mtu mwenye adabu.

"Kwa nini?"

"Nilitaka uache."

"Lakini sikuacha," alisema.

"Hukuacha."

Hajanidunga tena tangu siku hiyo. Kwa wiki kadhaa aliniosha akitazama ukutani. Sikumlaumu, wala hakunilaumu kwa mdomo. Kanisani hatukusema chochote. Yule mzee hunisalimu bado na kuniuliza miguu inaendeleaje, nami humwambia inaendelea, kwa kuwa najua anakula samaki.

Katika uchunguzi wa miezi sita mstari ulikuwa umeshuka upande wa kushoto kwa upana wa kidole kimoja. Mahali hapo panaunguza, mchana kutwa, kama pilipili iliyosahaulika kwenye ngozi. Daktari alisema inaweza kuwa ni zile seli, inaweza kuwa ni mwili wenyewe unavyopona polepole, na kwa mtu mmoja hakuna njia ya kujua. Mume wangu hakuuliza swali hata moja. Aliniuliza tu kama naumwa. Nikasema ndiyo. Akaomba nipewe dawa.

Muda si mrefu baadaye mwenyekiti wa kikundi cha watu wenye ulemavu mpakani alikuja nyumbani akiwa kwenye baiskeli yake ya magurudumu matatu, ile ya kupiga pedali kwa mikono. Wako wengi pale mpakani, wanavusha mizigo ya watu kati ya Kenya na Uganda. Hakuingia ndani kwa sababu mlango wetu ni mwembamba. Akaongea nami kutoka nje.

"Dada, mikono yako iko vipi?"

"Iko sawa."

"Basi unafanya nini humo ndani?"

Niliazimwa baiskeli ya mtu aliyehamia Tororo, nikajifunza kwenye uwanja wa shule, mume wangu akisukuma siku za kwanza, kisha akitembea kando, kisha akisimama tu. Sasa navusha mafuta ya kupikia, sabuni na mitumba. Askari wa upande wa pili huniita mama, na vijana wa mizigo huniita boss. Binti zangu wamerudi kukaa nasi.

Mwaka huu mume wangu alipata kazi ya utingo kwenye lori, na baada ya miezi kadhaa dereva wake alipougua akaambiwa ashike usukani. Alinipigia simu kabla ya kuwasha. Sikujua la kumwambia, kwa hiyo nikamwambia aangalie vioo. Akasema sawa.

Leo yuko Malaba, kwenye foleni ya kuvuka. Amenipigia saa tisa, nikiwa nimeegesha kivulini.

"Foleni imefika wapi?" nimemuuliza.

"Bado niko nyuma kabisa. Pengine kesho."

"Haya."

"Umejiinua kwenye kiti? Usikae sana upande mmoja."

"Nimejiinua."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Haya, mama," amesema, akakata.